Uliza Mpiga Picha: Kabla Hujanunua Lenzi Nyingine

Shikamoo mama. Nina kamera ya Canon yenye lenzi iliyokuja nayo ya milimita 18-55 na ile ndogo ya milimita 50. Juzi nimeona ndani ya kioo cha hiyo 50 nyuzi kama utando wa buibui. Nafuta kwa nje hazitoki. Kamera naitunza, ina begi zuri la sponji na nalifungia kabatini. Wenzangu wanasema niifukie kwenye mchele. Je, mchele utasaidia? Na akiba yangu ya lenzi ya kuvuta mbali, niendelee nayo?
*Mpiga picha, Chukwani, Unguja*

Marahaba mwanangu. Hiyo ni fangasi, na imeota palepale unapoitunza. Fangasi hupenda giza, hewa isiyotembea na unyevu, na begi la sponji ndani ya kabati la Unguja wakati wa masika lina vyote vitatu. Begi ni la kusafiria. Ukifika nyumbani, kamera itoke humo.

Mchele usiutumie. Unanyonya unyevu kidogo sana, na vumbi lake la wanga linaingia kwenye pete za lenzi. Jua kali nalo silishauri, kwa sababu joto hulegeza grisi ya ndani. Mpelekee fundi anayefungua lenzi, na usichelewe: fangasi hutoa asidi inayokula rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, na ikishakula, alama inabaki hata akisafisha. Hiyo 50 itenge na nyingine kwa sasa. Kisha ikague 18-55 pia. Toa vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili.

Sasa hiyo akiba. Naomba uchukue sehemu yake ndogo kabla ya kuwaza lenzi nyingine. Nunua kopo kubwa la plastiki la kuhifadhia vyakula, lenye mpira kwenye mfuniko na vibanio pembeni. Nunua silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Chagua za rangi ya chungwa, kwani nyingi za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu. Ongeza kipimo kidogo cha unyevu. Weka kamera na lenzi humo, ufunge. Kipimo kisome kati ya asilimia 40 na 50. Kikipita 60 kwa siku kadhaa, fangasi imepata nafasi. Kikishuka chini ya 30, mpira na grisi vinakauka mno. Chembe za chungwa zikigeuka kijani zimeshiba. Zitandaze kwenye trei isiyopikiwa chakula, ziweke ovenini kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, zitarudi rangi yake na utazitumia tena.

Jambo jingine linalowahusu ninyi wa huko: mnapiga picha hotelini, chumba kina kiyoyozi, halafu mnatoka moja kwa moja ufukweni. Kioo baridi kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, matone ya maji yanajikusanya juu yake, pengine hata ndani. Ifunge kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado ndani, toka nayo, subiri kama nusu saa ndipo uifungue.

Inaniuma sana kuona kijana amejinyima mwaka mzima akanunua lenzi, kisha pwani ikaila.

Mama, napiga harusi na sendoff, nyingi chini ya maturubai. Nikielekeza flashi juu ili mwanga urudi, sura zinakuwa za kijani au buluu. Nikiielekeza mbele, bibi harusi anang'aa paji la uso na nyuma yake ni giza. Nibadilishe kamera?
*Msomaji, Muheza*

Kamera yako iache. Mwanga ukigonga turubai la kijani unarudi wa kijani, na hakuna kamera itakayoukataa. Mbinu ya kuelekeza juu ni ya ukumbi wenye dari nyeupe na fupi.

Unachohitaji ni kuitoa flashi juu ya kamera. Nunua stendi, mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, na trigga ya kuiwasha flashi kwa mbali. Hakikisha trigga na flashi zinaelewana. Flashi ya Godox TT600, kwa mfano, ina kipokeo chake ndani, lakini inataka trigga ya mfumo huohuo wa Godox. Simamisha mwavuli pembeni ya maharusi, juu kidogo ya vichwa vyao, usogeze karibu kadiri unavyoweza bila kuingia kwenye picha. Mwanga wa pembeni ndio unaoionyesha ngozi yetu nyeusi kwa uzuri wake, mashavu yakaonekana, na shela nyeupe ikabaki na mikunjo yake. Kwa watu wetu nalisisitiza hili kuliko jambo lolote la ufundi.

Kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, usipandishe zaidi ya sekunde 1/200 kwa kuanzia, la sivyo kamera nyingi zitakuletea mstari mweusi. Ukishuka mpaka 1/60 au 1/80, taa za nyuma zitaonekana na giza litapungua.

Stendi ifunge mfuko wa mchanga miguuni. Watoto wanakimbia, akina mama wanacheza, upepo nao haukosekani. Na betri za flashi, zile nne za AA, tumia za kuchaji za NiMH, seti mbili. Za kutupa zikianza kuchoka, flashi inachelewa kujaa, na keki haitakusubiri.

Dukani wameniambia lazima ninunue filta ya UV. Ni kweli? Nichague saizi gani?
*Msomaji, Mombasa*

Si lazima. Filta hiyo huzuia miale ya UV ya jua, na kamera za kidijitali zina kizuizi chao cha miale hiyo. Ukipiga baharini, filta nzuri itazuia chumvi na mchanga, hapo nunua. Ya bei rahisi sana usiguse. Usiku taa za ukumbi zitajirudia kwenye picha kama vivuli vya mwanga. Siku za kawaida kofia ya lenzi, ile inayochomoza mbele yake, inatosha, inazuia jua la pembeni na inaikinga lenzi ikigongwa. Saizi imeandikwa mbele ya lenzi kando ya alama ø. Usiichanganye na namba ya umbali: Canon EF ya 50 f/1.8 STM inavaa filta ya milimita 49.

Mimi ni dereva mwongozaji wa watalii. Wageni wanakuja na stendi za miguu mitatu, ndani ya gari hazina nafasi. Niwashauri nini?
*Arusha*

Mfuko wa maharage, kaka. Mfuko wa kitambaa kigumu wenye zipu, unaojazwa maharage au mchele na kuwekwa kwenye ukingo wa paa la gari lililo wazi. Lenzi nzito inatulia juu yake vizuri. Mgeni aje nao mtupu, kwa kuwa ndege ndogo za mbugani hubana sana uzito wa mizigo; maharage yapo sokoni kwako. Wewe ukifika penye simba, zima injini, maana mtikisiko wake unaonekana kwenye picha. Wakati wa vumbi waambie wasibadilishe lenzi gari likitembea, na kamera ifunikwe kikoi. Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi iwe garini daima.

Memori kadi moja ya GB 128 au mbili za GB 64?
*Morogoro*

Mbili. Moja ikiharibika unabaki na nusu ya harusi. Kwa video tafuta yenye alama V30, yaani inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Kadi bandia ni nyingi, zinaandikwa 64 kumbe ndani ni 8. Ukinunua tu, ijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujaenda nayo kazini. Kuifuta ifutie ndani ya kamera, na picha zikishakaa sehemu mbili tofauti.