Kusahau si kudharau, lakini mwenzako atajuaje?

Juzi maharage yameshika chini tena. Nilitoka jikoni kufuata chumvi tu. Chumvi iko kwenye kabati la koridoni, koridoni kulikuwa na nguo za kukunja, nikakunja mbili, ya tatu ikawa na kifungo kimelegea, nikaenda chumbani kutafuta sindano. Harufu ndiyo iliyonirudisha. Nina kanuni yangu kwamba sufuria ikiwa motoni sitoki jikoni bila mwiko mkononi, ili nikiutazama nikumbuke nimetoka wapi. Mwiko nilikuja kuukuta kitandani, umelala juu ya shati.

Ukimsimulia mtu baki atacheka. Mume wangu, aliyeishi nami miaka tisa, hacheki. Anafungua dirisha.

Nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini na kumbukumbu viniponyoke. Daktari wa afya ya akili aliniambia nikiwa na miaka 33, na kabla ya hapo nilishaitwa mzembe, mvivu, mwenye majivuno, na mara moja nikaombewa mapepo. Siku ile daktari hakuanza na kazi wala ndoa, alitaka kujua nilikuwaje shule ya msingi, kwa sababu dalili zinapaswa ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Nikampigia mama palepale, simu nikaiweka spika. "Huyo?" mama akasema. "Darasa la tatu alipoteza masweta manne mwaka mmoja. Lakini mbona baba yake naye alikuwa hivyohivyo?" Daktari akacheka, akanieleza kwamba hali hii hurithiwa sana, karibu kama kimo. Akanipima na tezi ya shingo, akaniuliza kuhusu usingizi na wasiwasi, kwani hayo nayo hutawanya akili. Ndiyo maana nikiulizwa na wasomaji huwa nasema nenda ukapimwe, video ya dakika moja ya mtandaoni haijui chochote kuhusu tezi yako.

Shuleni sikuwa mtoto wa kurukaruka. Nilikaa dirishani, kimya, mwili uko darasani na mimi sipo. Wasichana wa namna hii hupitwa kwa sababu hawamsumbui mtu, na ripoti zao zinaandikwa neno lile lile: ana uwezo, aongeze bidii. Kidato cha kwanza hadi cha sita nilikaa bweni, na sasa najua kengele ndiyo iliyonisomesha. Kengele ya kuamka, ya prepo, ya kulala. Nilipofika chuo kengele zikaisha, na muhula wa kwanza nikafeli masomo matatu. Kilichoniokoa ni diskasheni. Hata siku ambazo kila mtu alisoma chake na hakuna aliyefungua mdomo, kule kuwa na mtu ameinama mezani karibu yangu kulinituliza nikaweza kusoma saa mbili mfululizo. Mpaka leo taarifa ngumu naandikia kwenye meza ya mwenzangu.

Kazini ndipo nilipolipa ada kubwa. Niko kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Miaka kadhaa nyuma mteja aliniletea BL halisi, hati ya meli ambayo bila hiyo mzigo hautoki, asubuhi, nikaiweka mezani niishughulikie nikimaliza simu. Simu ikazaa simu. Mchana mtu akaweka faili juu yake. Kontena likakaa, siku za bure zikaisha, storeji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo, ikaanza kuhesabu. Alhamisi mteja akauliza, nikamjibu kwa uso mkavu kwamba hajaniletea. Sikuwa namdanganya. Kichwani mwangu karatasi ile haikuwahi kuwepo. Ijumaa tukaikuta. Bosi hakufoka. Aliniuliza tu, "Dada, hivi kazi hii unaipenda?" Swali hilo liliniuma kuliko makato ya mshahara, na makato yalikuja pia.

Tangu hapo sikiamini kichwa changu kutunza kitu. Karatasi ikiingia mkononi naimaliza nikiwa bado nimeishika, au inakaa juu ya kibodi. Pembeni ya kibodi haifai, lazima iwe juu yake, nisiweze kuandika neno bila kuiondoa. Bosi sikumtajia jina la hali yangu, kwa sababu si kila ofisi itakutazama vilevile kesho yake. Nilimwomba tu maagizo anitumie kwa meseji, ya mdomo yananimwagika. Akakubali, tena naona limemsaidia na yeye.

Muda nao hunidanganya. Kikao ni saa tatu, nikiona saa mbili na dakika ishirini nahisi nina siku nzima, naanza kuosha vyombo. Kengele ya saa tatu kasoro dakika tano haina maana kwangu kwani inanikuta na povu mikononi. Nimeweka kengele ya kuvaa viatu. Ikilia navaa viatu, hata kama sijachana nywele.

Dawa natumia. Kuna methilfenideti na kuna atomoksetini, zote kwa cheti cha daktari, na si kila duka utazikuta. Hupimwa presha na moyo kwanza, na usije ukameza za rafiki yako. Kwangu mimi dawa inanisaidia kukaa kitini na kuanza. Haijui kontena lipi linatoka lini. Na wale wanaosema ADHD ni kipaji maalumu, sijui maharage wanapikiwa na nani.

Ndoa ndiyo ngumu kuliko yote. Kwetu kukumbuka ni heshima: kumjulia hali mgonjwa, kutoa mchango kabla hujadaiwa, kuwahi msibani. Ukisahau, anayeumia haoni ubongo, anaona dharau. Mume wangu aliniomba nimtumie mama yake hela ya dawa ya presha. Nikasema sawa, nikiwa nasuka mtoto. Siku tatu zikapita. Mama mkwe akanipigia mwenyewe, sauti ya upole: "Najua una shughuli nyingi, mwanangu." Usiku mume akauliza, "Kwani mama yangu kwako si mtu?" Nami, kwa ujinga, nikaanza kumfundisha habari za kumbukumbu ya muda mfupi.

Usimpe mtu uliyemuumiza somo la ubongo. Tuma hela, omba radhi, kaa kimya. Maelezo yana siku yake. Sisi yalikuja wiki mbili baadaye, mbele ya daktari, na mume wangu aliuliza maswali makali, ikiwemo mbona tamthilia sisahau. Daktari akamjibu kwamba kinachonivutia hunishika kupita kiasi, na kinachochosha huniponyoka hata kama nakipenda kwa moyo wote. Hakuridhika siku ile. Aliridhika kidogokidogo, alipoona nabadilisha mambo. Siku hizi kitu cha muhimu haniambii nikiwa na kazi mkononi, anaandika, na mimi nakifanya saa hiyohiyo au nakihamishia kwenye ubao wa mlangoni. Ada na umeme ni vyake. Vya kwangu ni vya ghafla: homa ya usiku, wageni wasio na taarifa, bomba kupasuka. Hapo kichwa changu hutulia ajabu, yeye ndiye anayetafuta funguo alizozishika.

Mama mkwe nampigia kila Jumapili saa nne asubuhi, kengele ikilia. Sijamwambia kuna kengele. Jumapili iliyopita simu yangu ilizima chaji, na saa nne na robo akapiga kwa mume wangu kuuliza kama naumwa.