Mke wangu ananivunja moyo na mazoea yangu ya alfajiri

Vipi shangazi? Nina miaka 34, naishi mtaa wa Pipeline, Nairobi, na mke na watoto wawili. Kazi na foleni zinanimaliza, ndipo nikajipangia mazoea: naamka saa kumi alfajiri, naoga maji baridi, naandika malengo daftarini, nasikiliza wahamasishaji kwenye simu, kisha nakimbia hadi saa kumi na mbili na nusu. Eliud Kipchoge, yule mkimbiaji wa marathoni, ndiye kielelezo changu. Mke wangu ananuna na kuniita mbinafsi. Amenivunja moyo, nimeanza kuacha. Nifanyeje?

Pole kwa foleni.

Barua nzima ni wewe na daftari lako. Watoto wamepita humo kama wapangaji wa jirani. Unapokimbia, nani anapika uji? Nani anawavisha sare na kuwafikisha kwenye basi la shule? Na hayo maji baridi, huko Pipeline ambako mifereji hukauka, nani aliyapandisha ngazi kwa mitungi? Ningekuwa mimi ningenuna zaidi.

Kipchoge unamjua nusu. Unakumbuka Vienna mwaka 2019, alipomaliza marathoni chini ya saa 2. Hujasikia kwamba kambini Kaptagat, akiwa bingwa wa Olimpiki tayari, alisafisha choo zamu yake ilipofika? Wahamasishaji wako walikificha hicho kipande?

Halafu hili la kuvunjwa moyo silinunui. Ulichoka mwenyewe, ukatafuta wa kumbebesha. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliripoti mwaka 2009 kwamba zoea moja jipya, hata dogo kama kunywa glasi ya maji, lilichukua wastani wa siku 66 kukolea. Wewe umekumbatia matano kwa mpigo, na saa ya kulala hukuitaja. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Kwa kuamka saa kumi, ulale saa tatu usiku. Unalala saa tatu wewe, na simu hiyo?

Vijana wa sasa mnaoa shabiki wa kuwapigia makofi. Ndoa ni kusaidiana, na mwenzako pia ana ndoto, ila hana saa ya kuziandika.

Bakiza kukimbia tu, nusu saa, siku tatu kwa wiki. Asubuhi nyingine uji na sare ni juu yako, yeye alale au aende kanisani, shauri yake. Mwache achague siku zake kwanza. Akichagua Jumamosi, usibishane.