Mkuu, usilipie hiyo leza ya nanomita 1550!

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba unataka kunasa protini ndani ya maji kwa tufe la kioo cha silika, na oda ya leza ya 1550 (huo ndio urefu wa wimbi la mwanga wake) imebaki sahihi ya profesa tu. Ficha kalamu zote za ofisini kwake.

Hiyo hiyo mimi niliinunua, mwaka wangu wa kwanza wa PhD huku Ujerumani. Jamaa mmoja mkongwe wa maabara, mjuaji wa kila kitu, aliniambia chukua 1550, mitandao ya simu inaitumia, kwa hiyo faiba (nyuzi za kioo za kupitisha mwanga) na detekta zake zimejaa na bei poa. Kweli tupu. Alichosahau kunieleza ni kwamba yeye tangu azaliwe hajawahi kulowesha rezoneta, yaani hilo tufe la kuzungushia mwanga, hata kwa mate.

Hewani mambo yalikuwa matamu. Nayeyusha ncha ya faiba, inajivuta yenyewe kuwa tufe, nasogeza faiba nyingine iliyovutwa ikawa nyembamba kuliko unywele, na kwenye skrini, pale tufe linaponasa mwanga wa faiba, linachimbika bonde jembamba kama sindano. Q, yaani kipimo cha mwanga unavyodumu ndani ya tufe, milioni mia! Nikamtumia mama picha, akauliza huo moyo ni wa nani.

Nikadondosha maji. Sindano ikawa beseni. Q ikaporomoka hadi laki moja na ushee. Nikasema ni vumbi, nikatengeneza tufe jipya. Beseni. Nikavuta faiba nyingine. Beseni. Miezi minne, wakuu! Nilifika mahali pa kuyashuku maji yaliyochujwa, kumbe mchawi ndiyo hayo maji yenyewe.

Mwanga unaozunguka ndani ya tufe huchungulia nje kidogo, na hapo nje ndipo unapoikuta protini. Sasa kwenye 1550 maji yanaunywa huo mwanga mara mamia zaidi kuliko kwenye leza ya nanomita 780. Kila ukizunguka, unakatwa kodi. Bonde langu lilikuwa na upana wa pikomita zaidi ya kumi (pikomita elfu ndiyo nanomita moja), wakati protini chache zikitua linasogea sehemu ndogo tu ya pikomita moja. Ni kumtafuta chawa anayetembea juu ya mgongo wa kiboko. Hesabu yenyewe inaenea nyuma ya risiti ya chai, na yule mjuaji alikuwa anakunywa chai kila siku!

Azima leza, lowesha tufe, pima Q ndani ya maji. Ndipo usaini. Kinyume cha hapo ni kamari ya hela ya watu.

Leza yangu anayo jirani wa meza ya pili, anajaribia vikuza mwanga vyake vya erbiamu. Kwake hakuna tone la maji, anaringa balaa.

Uliuliza na pete za silikoni, badala ya tufe la kioo cha silika? Kwenye 780 usizipeleke, silikoni yenyewe inaumeza huo mwanga. Na maswali yako mengine... ngoja kwanza. Oda umeshaifuta?