Miwani ya uhalisia pepe haichukui nafasi ya ganzi

Je, miwani ya uhalisia pepe, yaani ile inayomwonyesha mvaaji ulimwengu wa kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, yaweza kutumika badala ya ganzi mtoto anapochomwa sindano? Hapana, haiondoi haja ya ganzi wala dawa ya maumivu. Hutumika pamoja nazo. Mtoto akizama kwenye mchezo ulio ndani ya miwani, akili hubakiwa na nafasi ndogo ya kuifuatilia sindano, ndiyo maana hofu hupungua. Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington waliijaribu kwa vijana walioungua, wakati wa kuhudumiwa vidonda, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Ila mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona ushahidi kwa watoto bado dhaifu. Na tafadhali, mwenye kifafa asivalishwe kabla daktari hajaulizwa. Wengine hupata kichefuchefu. Mtoto akiikataa, msimlazimishe.