LED zinaungua, fyuzi nzima

Ndugu, umeuliza kwa nini LED zako nyeupe, zile ndogo ulizounga tatutatu kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12, zinaungua huku fyuzi ikiwa nzima. Fyuzi usiilaumu. Kazi yake ni kuzuia waya usishike moto shoti ikitokea. LED ndogo huuawa na miliampea chache za ziada, ambazo fyuzi haizihisi kabisa.

Kinachokosekana ni rezista, kile kipande kidogo kinachobana umeme usipite mwingi. LED nyeupe moja hula kama volti 3.2, tatu ni 9.6. Jua likiwaka na sola ikichaji, betri hufika 14.4, basi piga hesabu kwa hiyo, si kwa 12. Zinabaki volti 4.8; gawa kwa mkondo wa LED hizo, ampea 0.02, unapata ohm 240. Weka rezista ya juu kidogo, ohm 270; ya robo wati inatosha.

Tafadhali kila mstari wa LED tatu uwe na rezista yake. Mistari ikichangia rezista moja, mstari uliopata joto huvuta umeme zaidi, huzidi kuchemka, hufa, na mzigo wote huhamia kwa mistari iliyobaki.

LED za wati 1 kwenda juu zinataka draiva ya kudhibiti mkondo. Fyuzi ya ampea 1 iache palepale, karibu na chanya ya betri.