Simulia kwa Mtu Anayekuna Nazi

Kipindi changu cha kwanza cha podikasti nilikiandaa wiki tatu nzima. Mada ilikuwa karafuu za Pemba. Nikajifungia chumbani hapa Wete, shuka gubigubi ili mwangwi usiingie, nikasoma jinsi kimbunga cha 1872 kilivyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika na kuwa ndiyo kisiwa cha karafuu. Yote kweli tupu. Nilipofungua takwimu za wasikilizaji, mstari ulikuwa umeporomoka kabla ya dakika ya nne.

Wifi yangu hana maneno mengi. "Ulikuwa unatusomea," aliniambia. "Hukutuhadithia."

Iliniuma, kwa sababu mimi nimelelewa kwenye hadithi. Msimu ukifika, karafuu zilizochumwa mchana zililetwa nyumbani na makonyo yake, vile vijiti vinavyoshika karafuu, na usiku huohuo tulikaa kuzichambua: karafuu huku, makonyo kule. Kazi yenyewe inachosha, na vidole vinanukia hadi asubuhi (ole wako ujisahau ufikiche jicho). Bibi ndiye aliyetuweka macho. "Paukwa!" Tukiitika "Pakawa!" kwa unyonge, anarudia, maana kitikio ndicho kilichomwambia nani keshaanza kusinzia. Kisha hadithi inakwenda, inakwenda, zimwi linafika mlangoni, linashika komeo... Bibi ananyamaza. "Malizeni kwanza pakacha hilo."

Tulilimaliza mbio.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba bibi alikuwa akisimulia kwa watu wenye mikono iliyoshughulika, na msikilizaji wa podikasti ni mtu wa namna hiyohiyo. Anaosha vyombo, anaendesha gari, anafua. Hana ukurasa wa kurudi nyuma. Ukimtajia watu watano ndani ya dakika moja, wote watampotea. Mpe mtu mmoja, jambo moja analolitaka, na kitu kimoja kinachomzuia. Wengine waingie baadaye, mmojammoja, kama wageni wanaopiga hodi.

Kile kipindi cha karafuu nilikirudia. Safari hii nilianza na mama: majamvi yametandazwa uani, karafuu zimekaa juani siku ya pili, bado kukauka sawasawa, na wingu jeusi linainuka upande wa baharini. Ada ya shule ya kaka yangu imelala pale chini. Mama anatazama juu, anaita watoto. Hapo nikanyamaza, kama bibi. Ndipo nikaingiza 1872, na kile kimbunga ambacho mwanzo hakikumshtua mtu sasa kilikuwa na uzito, kwa kuwa msikilizaji alishasimama uani akiogopa mvua ya kawaida tu. Yaliyompata mama nikayaweka mwishoni. Maelezo hayakupungua hata moja. Nilichobadilisha ni mahali pa kuyatia.

Kumbuka, sikubuni mkulima wa 1872 nikampa jina na machozi. Sina habari za mtu wa wakati ule, basi nilimtumia mtu ninayemjua. Na huyo ninayemjua nilimwomba ruhusa. Mama aliniachia kila kitu isipokuwa habari ya deni la dukani. Deni nikalitoa, ingawa, kusema kweli, ndilo lililokuwa tamu kuliko yote.

Muziki wa kutia huzuni sishauri sana. Nenda karekodi sauti ya kitu chenyewe. Karafuu kavu zikimwagwa jamvini hulia kama mvua ndogo, na simu ya kawaida inatosha kuinasa.

Lililonisaidia zaidi ni kuacha kurekodi peke yangu. Bibi alikuwa anatuona mikono. Ikilegea, anabadilisha sauti. Mimi siwaoni wasikilizaji wangu. Kwa hiyo kabla ya kurekodi, namsimulia wifi jikoni wakati anakuna nazi, bila karatasi. Akiuliza "Huyo nani tena?" najua nimeingiza jina kabla ya wakati wake. Akianza kuniambia habari za bei ya samaki, sehemu hiyo naikata. Na mbuzi ikinyamaza ghafla, naweka alama: hapo nimemshika.

Juzi ilinyamaza karibu dakika nzima. Nikafurahi, nikazidi kushusha sauti. Kumbe nazi imekwisha, alikuwa anatafuta nyingine.