Re: Prodyuza anataka nusu ya ngoma, nisaini?
Sheikh, usisaini kwanza. Umeuliza kama ni sawa prodyuza wako wa Kisauni kutaka nusu, mi naona inategemea nusu ya nini, manake wimbo mmoja una haki mbili, kuna utunzi yaani maneno na melodi, halafu kuna rekodi yenyewe, ile masta. Kama biti kaitengeneza yeye basi kwenye utunzi ana chake, hapo huwezi kumnyima, lakini masta kama studio umelipia wewe mfukoni mwako anadai nusu ya nini tena?? Andikianeni asilimia kabla ngoma haijatoka, karatasi moja tu msaini wote wawili, sio voisi noti za WhatsApp. Kisha sajili ngoma KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya. Halafu kuna vyama vya kukusanyia wasanii pesa ngoma zao zikipigwa hadharani, MCSK ni ya watunzi, PRISK waimbaji na wapigaji, KAMP wenye rekodi, ila cheki kwanza nani ana leseni mwaka huu, hizo hubadilika kila siku. Skiza, ile milio ya Safaricom anayosikia mtu akikupigia simu, usiidharau, lakini uliza anayekupandishia anakata ngapi. Kwa saa hizi lakini harusi na mahoteli ya Nyali ndo yatakulisha, strimu hela yake ndogo mno. Na madijei wa matatu wape ngoma bure tu.